Wasichana Wawili wa Darasa la Redio

Redio ya kwanza niliyoiona ikiwa imefunguliwa ilikuwa ya baba yangu mdogo, aliyekuwa na duka sokoni Ekerenyo. Ilikuwa imenyamaza tangu mvua zianze, na watu waliozoea kuja pale kusikiliza habari za uhuru na muziki wa Kongo walikuwa wameanza kuhamia duka la jirani. Fundi akaitwa kutoka Kisii mjini. Alikuja kwa baiskeli, akailaza redio kifudifudi juu ya kaunta, akaondoa kibao cha nyuma. Mimi nilikuwa nimetumwa chumvi. Nilisahau chumvi, nikasahau na nyumbani, nikabaki pale kidevu changu kikiwa juu ya kaunta, nikitazama zile taa ndogo za kioo na vipande vyenye mistari ya rangi vilivyopangwa kama shanga. Fundi alipochomelea waya mmoja kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, moshi ukapanda, na redio ikakohoa, kisha ikaanza kuimba. Mama alinikuta hapo hapo. Fimbo niliyochapwa siikumbuki vizuri kama ninavyoukumbuka ule moshi.

Nilimaliza darasa la saba na nikapita mtihani. Lakini kaka yangu alikuwa tayari sekondari, na nyuma yangu kulikuwa na mvulana mwingine anayekuja. Baba, ambaye sisi kwa lugha yetu humwita tata, aliniambia nisubiri kidogo. Nikasubiri huku nikichuma pareto, na pareto ilipong'olewa nikachuma majani ya chai. Wenzangu waliolewa mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nimeshaanza kuitwa mzee wa nyumbani pale tangazo liliposomwa kwenye baraza la chifu: chuo cha ufundi cha wamishonari, huko upande wa Mosocho, kinafungua darasa la redio na umeme, na safari hii wasichana pia wanatakiwa.

"Wasichana wa kufanya nini huko?" mzee mmoja akauliza.

"Hata mimi nimeshangaa," chifu akajibu. "Inasemekana wafadhili wa ng'ambo wamekataa kuleta vifaa mpaka waone wasichana."

Watu walicheka. Tata, aliyekuwa mzee wa kanisa la Wasabato na mtu wa maneno machache, hakucheka. Jioni, tukila, alisema bila kunitazama, "Huyu ataenda kusomea redio."

Mama aliweka bakuli la mboga chini. "Na nani atamwoa, na mikono ya kunuka moshi wa chuma?"

"Mtu mwenye redio iliyoharibika," tata akasema, akaendelea kula.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya furaha ninayoyakumbuka katika habari hii.

Tulikuwa wasichana wawili tu. Mwenzangu alitoka karibu na chuo, kwenye familia ya Kikatoliki yenye mashamba ya ndizi. Alikuwa mrefu kuliko wavulana wengi, mwenye kicheko kikubwa ambacho wakubwa walimkataza kila siku na kila siku kikamtoroka. Alikuwa amekuja kwa sababu hakutaka kushona. Aliniambia siku ya kwanza, tukitandika vitanda, "Dada yangu alisoma ushonaji hapa hapa. Sasa anashonea wakwe bure. Mimi nataka kazi ambayo mkwe hawezi kuniambia nimfanyie tukiwa jikoni."

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kwetu, Mkisii aliyejifunza kazi jeshini. Alikuwa mwembamba, mwenye shati jeupe ambalo halikuchafuka hata akishinda karakanani kutwa nzima. Alikuwa fundi hodari, hilo siwezi kumnyima. Alikuwa akiweka sikio karibu na redio, anafumba macho, na kabla ya kugusa chochote anakwambia pale palipokufa. Siku ya kwanza aliwapa wavulana vifaa vyao, kila mmoja na bisibisi, koleo na chuma cha kuchomelea, akawapangia meza. Kisha akatugeukia sisi wawili tuliobaki tumesimama mlangoni.

"Nyinyi mmekuja kwenye gari moja na jenereta," akasema. "Jenereta imefika salama. Kwa hiyo kazi yenu imekwisha."

Wavulana wakaangua kicheko. Tulidhani anatania, tukacheka pia.

Hakuwa anatania. Kazi yetu ikawa kufagia mabaki ya waya, kuchota maji, kufua maovaroli ya darasa zima na kupika chai ya saa nne. Mwalimu alipoandika ubaoni tuliruhusiwa kukaa nyuma na kunakili, na mambo ya ubaoni tuliyashika vizuri kuliko wengi, kwa sababu hatukuwa na jingine la kushika. Rangi za vile vipande vya ndani ya redio tulizikariri tukifua: nyeusi, kahawia, nyekundu, chungwa, manjano, mpaka mwisho. Mwenzangu aliziimba kama wimbo wa kupura wimbi. Lakini kuzijua rangi bila kugusa chombo ni kama kujifunza kupika kwa kutazama moshi wa nyumba ya jirani. Nilimwomba mwalimu mara nyingi. Kila mara jibu lilikuwa moja: vifaa havitoshi.

Vilitosha siku wageni walipokuja. Walikuja wazungu kutoka ng'ambo, wanaume na mama mmoja mwenye kofia ya majani, pamoja na msimamizi wa chuo aliyekuwa mzungu pia. Asubuhi hiyo mwalimu mwenyewe alituvisha maovaroli mapya yaliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Alituketisha meza ya mbele, penye mwanga, akatupa chuma cha kuchomelea kila mmoja. Chuma kilikuwa baridi. Mama wa kofia alituinamia, akatuuliza kwa Kiswahili cha kujifunza vitabuni kama tunaipenda kazi.

"Tunaipenda sana," mwenzangu akasema, na machozi yakamlengalenga, kwa maana ilikuwa kweli.

Mama yule akaguswa, akamshika bega, na picha ikapigwa. Gari lao lilipovuka lango, mwalimu alinyoosha mkono. Tukamrudishia vyuma. Kisha tukavua yale maovaroli, kwa kuwa nayo yalikuwa na wenyewe.

Niliona basi nitafute njia. Mazoezi ya mikono yalikuwa Jumamosi, kutwa nzima, na siku hiyo mwalimu hakuwa mkali sana. Alikaa dirishani akisoma gazeti na wavulana wakafanya kazi wanavyotaka. Mtu aliyekuwepo aliweza kuombwa ashikilie waya, na aliyeshikilia waya aliweza kuona. Lakini mimi ni Msabato. Jumamosi kwetu mtu hachumi hata mboga. Wavulana wa Kisabato walikuwepo pia darasani, na wao mwalimu aliwafungulia karakana Jumapili mchana wafidie. Nilipokwenda nao Jumapili ya kwanza alinizuia mlangoni.

"Siwezi kufungia msichana ndani na wavulana siku ya mapumziko. Watu watasema nini?"

"Acha mlango wazi, mwalimu."

"Wewe ndiwe unayenifundisha kazi?"

Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo. Nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba Mungu huona, na bado naamini. Wiki kadhaa nilikwenda kanisani Jumamosi na kurudi chuoni nikiwa nimebaki nyuma zaidi. Halafu Jumamosi moja asubuhi nilivaa nguo ya kazi badala ya ile ya kanisani, nikaingia karakanani, nikasimama karibu na mvulana mmoja aliyekuwa akifungua redio ya mshonaji wa pale sokoni. "Nishikie taa," akaniambia. Nikashika taa. Baadaye akaniambia nichomelee waya mmoja kwa sababu yeye mkono ulimchoka. Risasi ilitiririka, ikang'aa, ikaganda.

Habari zilifika nyumbani haraka kuliko nilivyodhani. Wale wavulana wa Kisabato, waliokuwa wakifidia kazi zao Jumapili, ndio waliozipeleka. Niliitwa Ekerenyo kusimama mbele ya kanisa. Mchungaji aliuliza kama ni kweli nimefanya kazi siku ya Sabato, na si mara moja. Nikasema ni kweli. Akauliza kama nimejuta. Nikamweleza kuhusu Jumapili na mlango, lakini hakuna aliyetaka kusikia habari za mlango. Mwanamke mmoja aliyenifundisha nyimbo nilipokuwa mdogo akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Anafuata wavulana, redio ni kisingizio."

Kisha wakaulizwa wazee na washiriki wote: wanaokubali nifutwe ushirika wainue mikono. Mikono ikapanda kama majani. Nilimtazama tata, aliyekaa benchi la mbele na Biblia magotini. Mkono wake ulipanda wa mwisho, lakini ulipanda.

Alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri gari. Gari lilipoonekana kwa mbali akasema, "Rudi umalize."

"Tata, umeinua mkono."

"Nimeinua." Alikuwa akitazama vumbi la gari. "Ningefanyaje? Mimi ni mzee pale. Lakini wewe usirudi nyumbani kabla hujamaliza, la sivyo nitakuwa nimeuinua bure."

Basi nikarudi, nikiwa sina kanisa. Mwenzangu alinipokea kwa uji wa wimbi, akakaa kitandani pangu, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Tangu hapo Jumamosi zote tulikwenda pamoja. Wavulana walituzoea kidogo. Mmoja mmoja walitupa kazi ndogo ndogo, hasa zile zilizowachosha. Nilianza kuamini kwamba kwa njia hiyo ya kuokoteza tutafika.

Wavulana walikuwa na mchezo wao. Ndani ya redio kuna kifaa kinachoitwa kapasita, ambacho hunywa umeme na kukaa nao hata baada ya kuzima. Walikuwa wakijaza umeme kwenye kapasita ndogo, halafu mmoja anamrushia mwenzake na kusema, "Shika!" Anayedaka anapigwa na umeme kidogo, anaruka, wote wanacheka. Mwalimu aliuona mchezo huo na hakuukataza. Alisema unawafundisha kuangalia wanachoshika.

Jumamosi moja mwenzangu alikuwa nje akifua maovaroli. Mimi nilikuwa ndani nikipanga skrubu. Juu ya meza kubwa kulikuwa na mashine ya vipaza sauti vya kanisa kuu, na pembeni yake kapasita kubwa, unene wa kopo la maziwa ya unga, iliyotolewa ndani ya ile mashine. Niliona kiranja wa darasa akiiunganisha na waya za umeme, akaiacha kidogo, akaziondoa. Niliona pia mwalimu, pale dirishani, akishusha gazeti na kumtazama. Nilidhani wanapima kitu.

Mwalimu aliita kupitia dirishani, "Wewe msichana mrefu! Njoo. Leo na wewe utashika kazi."

Sitasahau alivyoingia. Alikuja mbio, akipangusa mikono kwenye gauni, mikono yenye povu bado, uso ukimeremeta. Alinitupia jicho kama mtu aliyeitiwa zawadi.

"Nifanye nini, mwalimu?"

"Nipe kile pale mezani. Kishike vizuri, kwa mikono yote miwili, kwenye zile pembe za juu. Kisianguke."

Nilifahamu wakati huo huo alipokuwa akinyoosha mikono. Nilifungua mdomo, lakini sauti ilichelewa. Kulikuwa na mlio kama wa kiboko. Mwili wake ulirushwa nyuma, ukajipinda, akaanguka uso mbele juu ya jiliwa, lile koleo kubwa la chuma lililofungwa kwenye meza kwa ajili ya kubana vyuma. Mpini wa jiliwa ulimwingia jichoni.

Kicheko hakikukatika mara moja. Kiliendelea kidogo, kwa sababu waliokuwa nyuma hawakuona. Mwalimu alikuwa amesimama, bado anatabasamu. "Amka," akasema. "Acha maigizo." Ndipo damu ikaanza kushuka kwenye mguu wa meza.

Katika hospitali ya Kisii mjini walilitoa jicho. Hakuna aliyemweleza kabla; aliamka akakuta bandeji, na muuguzi ndiye aliyemwambia, akiwa anatandika kitanda cha jirani.

Msimamizi wa chuo alituita ofisini kuuliza. Mwalimu alisema msichana alikuwa akichezea vifaa bila ruhusa. Kiranja akasema ndivyo. Wengine wakasema ndivyo, mmoja baada ya mwingine, wakitazama viatu vyao. Mimi nikasema sivyo. Nikaeleza yote: waya, gazeti, mikono miwili, pembe za juu.

Msimamizi alimgeukia mwalimu. Mwalimu hata hakuinua sauti.

"Huyu ni Msabato, bwana. Jumamosi huwa hayuko karakanani. Waulize."

Aliwauliza wavulana wa Kisabato, ambao siku ile kweli hawakuwepo. Wakasema Msabato hafanyi kazi Jumamosi. Hao hao walionipeleka mbele ya kanisa kwa kufanya kazi Jumamosi. Nikasema nimefutwa ushirika kwa ajili ya jambo hilo, apeleke mtu Ekerenyo akaulize. Msimamizi alinitazama kwa huruma, ile huruma anayotazamwa nayo mtu anayedhaniwa kuchanganyikiwa kwa huzuni, akaniambia nikapumzike.

Baada ya siku chache baba ya mwenzangu alikuja chuoni kuchukua sanduku la binti yake. Mimi ndiye niliyelifunga. Alikuwa amebeba mkungu wa ndizi begani, nikadhani anaupeleka hospitali. Aliupeleka kwa mwalimu. Aliushusha mbele ya mlango wa karakana, akavua kofia.

"Mwalimu, tusamehe kwa usumbufu. Huyu mtoto tangu zamani ni mtundu. Tulimwambia mambo haya si ya wasichana."

"Yamepita, mzee," mwalimu akamwambia, akamshika mkono. "Mwombee apone."

Nilisimama na lile sanduku. Nilitaka kumwambia yule mzee kilichotokea, na nilimwambia, njiani, tukienda kwenye kituo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, hata kama ni hivyo. Ana ndugu zake wawili wanaotaka kuingia chuo hiki." Akaniomba nimpandishie sanduku garini.

Nilibaki peke yangu. Kwa nini sikuondoka, wengi wameniuliza. Nilikuwa na mkono wa tata kichwani, ule alioinua. Nikaenda karakanani kila siku, Jumamosi pia, na hakuna aliyenifukuza. Baada ya lile jicho, waliniogopa kidogo, au waliona aibu. Sikujali ni lipi. Mvulana yule wa taa aliniachia meza yake alipokwenda kula. Nikajifunza. Si vizuri kama wao, maana wao walikuwa na saa zote na mimi nilikuwa na za chakula, lakini nilijifunza.

Mtahini wa serikali alikuja kutoka Kisumu. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Alizunguka meza kwa meza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na birika la chai, nilipoamriwa nisimame. Alipofika mwisho akauliza, "Na huyu?"

"Huyo ni wa chai," mwalimu akasema.

"Mimi ni mwanafunzi," nikasema. "Nimekuja kufanya mtihani."

Mtahini alimtazama mwalimu, akanitazama mimi, akavuta kiti. Akanipa redio kama alivyowapa wengine, na akanipa muda ule ule. Nilifanya nilichoweza. Mahali pamoja nilikosea nikarekebisha. Redio ikalia. Aliniuliza maswali, nikayajibu yote isipokuwa machache. Akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaniambia tutoke nje kidogo.

Tulisimama kwenye jua. "Umefanya vizuri," akasema. "Kuna wavulana wawili humo ndani nitakaowapitisha ambao hawakufikii."

Nikaanza kumshukuru.

"Lakini nisikilize, binti yangu. Nikikupitisha, utakwenda wapi? Nazijua karakana zote kuanzia hapa mpaka Kisumu. Hakuna hata moja yenye choo cha wanawake. Hakuna fundi mkuu atakayekupokea. Utazunguka na cheti chako mlango kwa mlango, watakucheka, utazeeka. Nina binti wa umri wako. Nisingependa apitie hayo."

"Nipitishe tu, bwana. Kuzunguka nitazunguka mwenyewe."

"Ni kwa faida yako," akasema, akanipiga piga begani. "Siku moja utanishukuru."

Hakunipitisha. Wale wavulana wawili aliosema atawapitisha, akawapitisha. Mwalimu wangu alinifanyia ukatili mwingi, lakini nikimkumbuka yeye hasira yangu hujua pa kushika. Yule mpole wa Kisumu ndiye anayeniamsha mpaka leo.

Kabla sijarudi nyumbani nilipita kwa mwenzangu. Nilimkuta si kwao tena. Walikuwa wamemwoza kwa mzee mwenye wake wawili, aliyehitaji mtu wa kuangalia migomba na mama yake mgonjwa. Alikuwa jikoni, akimenya ndizi. Kope za upande ule zilikuwa zimeshonwa. Nilitamani anipokee kwa kicheko chake, na akanipokea nacho, lakini kilikuwa kimepungua, kama redio yenye betri zinazoisha.

"Ulipita?" akaniuliza.

"Sikupita."

Aliendelea kumenya. "Mimi jicho, na wewe kanisa," akasema mwishowe. "Wenye picha wale, sijui kama bado wanayo." Kisha mama mkwe akaita kutoka chumbani, akaomba maji, na mwenzangu akainuka kumpelekea. Aliporudi tukazungumza habari za mvua. Alikufa kwa uzazi kabla muongo ule haujaisha, na kwenye mazishi nilisikia watu wakimtambulisha kwa wageni kama yule wa jicho moja.

Nyumbani tata alinitazama nilivyoshuka garini, akajua. Alinyanyua sanduku langu mwenyewe.

Kazi niliipata baada ya kuzunguka, kama yule mtahini alivyosema, na kuchekwa, kama alivyosema. Mhindi mmoja mwenye duka la redio Kisii mjini aliniajiri kupangusa vumbi na kuwaonyesha wateja jinsi ya kutafuta stesheni. Nyuma ya duka, penye pazia, palikuwa na meza ya fundi, na fundi alikuwa mmoja wa wale wavulana wawili. Hakuwa mtu mbaya. Kazi ilimshinda, akaanza kunywa, na siku alipokuwa hajiwezi alinisukumia redio nizitengeneze. Mwenye duka alipogundua hakukasirika. Aliniambia niendelee, mradi pazia lifungwe.

"Mteja asione mwanamke ameshika redio yake, dada," akasema. "Biashara itakufa."

Kwa hiyo nilitengeneza redio za watu wa Kisii kwa miaka, na jioni nikatoka nje ya pazia na kitambaa cha vumbi. Waliokuja kuzichukua walimshukuru fundi, wakampa cha soda.

Siku moja pazia lilikuwa limenyanyuliwa na upepo. Mwalimu mkuu wa shule moja ya huko Nyamira alikuwa amesimama kaunta, akaniona nikifunga kibao cha nyuma cha redio yake. Ilikuwa tayari imeshapona, ilikuwa ikisema habari za saa saba. Aliita mwenye duka.

"Huyu mwanamke anafanya nini ndani ya redio yangu?"

"Anaipangusa tu, mwalimu."

"Ana bisibisi! Nimemwona! Sikuleta redio yangu ichezewe. Itengenezwe upya, na mwanamume, nikiona."

Mwenye duka alimwita fundi, aliyekuwa nyuma amelala kwenye magunia. Akaja akipepesuka, macho mekundu. Alifungua kibao, akachungulia ndani, hakugusa kitu kwa sababu mikono ilikuwa ikimtetemeka, akakifunga tena. Alipowasha, taarifa ya habari ilikuwa bado inaendelea.

"Mmesikia tofauti?" mwalimu mkuu akawauliza waliokuwepo. "Sasa sauti imenyooka."

Wakasema wameisikia. Alilipa, akaichukua redio yake, akaikumbatia kifuani. Alipokuwa akitoka aliniona nimesimama kando ya mlango na akaniambia, bila ubaya wowote, nimshikilie mlango, kwa kuwa mikono yake imejaa.